Slaidi 42, Dakika 20

*Mwalimu, hujambo? Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili hapa Kisumu. Nachunguza jinsi wachuuzi wa omena sokoni Kibuye wanavyohamisha ndimi, yaani wanavyoruka kutoka lugha moja hadi nyingine katikati ya mazungumzo. Mwezi jana niliwasilisha utafiti wangu katika semina ya idara. Nilipewa dakika 20, nami nilikuwa na slaidi 42. Mwenyekiti aliponikatiza nilikuwa bado kwenye mapitio ya maandishi. Mhadhiri mmoja akauliza, "Kwa hivyo umepata nini?" Nikafungua kinywa, neno likakataa kutoka. Narudi mbele yao baada ya wiki tatu. Samahani kwa barua ndefu. Kinachonishangaza tu ni kwamba mama muuzaji hutaja bei kwa Kiswahili, lakini mteja akianza kupunguza, humwita "nyathina", yaani mtoto wangu, na mazungumzo yote yakahamia Dholuo, lugha ya Wajaluo.*
*— Mwenye Haya, Kondele*

Mwenye Haya, sijambo, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeanzia mkiani. Swali la yule mhadhiri umelijibu mwenyewe: bei kwa Kiswahili, ubishi wa bei kwa Dholuo. Umelitupa hapo mwisho, baada ya kuomba samahani, kama mchuuzi anayeficha omena safi chini ya gunia na kuanika vumbi juu.

Anza hapo. Usuli wa utafiti uache kwenye tasnifu. Simama useme: "Jumapili moja Kibuye, mama alitaja bei ya gorogoro la omena. Mteja akataka apunguziwe. Mama akamwita nyathina, mtoto wangu." Nyamaza kidogo. Kisha waeleze kwamba mteja amegeuzwa mtoto papo hapo, na mtoto habishani na mamake juu ya senti. Utakuwa umetumia dakika mbili, na chumba kizima kiko macho, hata yule profesa anayesahihisha mitihani kule nyuma.

Nadharia ije baada ya hapo, kwa slaidi moja. Kama unamtumia mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyeandika kuhusu kuhamisha ndimi mwaka 1993 akitegemea data za Afrika, sema tu kwamba kwake kuchagua lugha ni kuchagua haki na wajibu baina ya wasemaji, kisha urudi kwa mama wako. Historia ya nadharia wenzako waliisoma kabla hujazaliwa, au wanajifanya waliisoma.

Mimi singepita slaidi 8. Moja iwe mazungumzo yenyewe kwa herufi kubwa, Dholuo juu na tafsiri ya Kiswahili chini, maana huenda jopo lina mtu wa Lamu au Kitui asiyejua nyathina ni nini.

Zamani zetu tulitumia karatasi za plastiki zenye kuangaziwa ukutani. Siku yangu stima ilipotea nikiwa kwenye karatasi ya pili. Nilikuwa nasoma kila kitu ukutani, kwa hiyo ukuta ulipozimika nami nikazimika. Mzee mmoja wa jopo akasema, "Endelea tu, masikio yetu hayatumii stima." Sikuweza. Tangu hapo mimi huhifadhi kichwani dakika mbili za mwanzo na sentensi ya mwisho, basi. Ukihifadhi na katikati utaghani kama mtoto wa tamasha la shule.

Sasa maswali, na hapa ndipo penye kazi. Watakuuliza simu yako ya kurekodi ilikuwa wapi, na kama mama alijua anarekodiwa. Mwanaisimu William Labov alilisema tatizo hili vizuri: tunataka kujua watu wasemavyo wasipochunguzwa, na hatuna njia ya kujua ila kwa kuwachunguza. Yeye mwenyewe, kwenye maduka ya New York, alijifanya mteja na kuuliza kitu alichojua kiko orofa ya nne, kisha akajifanya hajasikia ili muuzaji arudie. Wewe bila shaka uliomba ridhaa, kwa hiyo mama alijua. Kama ulikaa naye siku kadhaa kabla ya kuwasha simu, taja ni ngapi. Kama hukukaa, kiri mapema, wasije wakalichimbua wao. Na tafadhali usimwambie mtu "swali zuri sana" huku ukitafuta jibu. Nyamaza ufikiri.

Swali ambalo ningekuuliza mimi ni hili: mteja akiwa Mluhya kutoka Luanda ya Vihiga, asiyejua Dholuo, akianza kupunguza, mama hufanyaje? Akimwita "mwanangu" kwa Kiswahili, basi kazi inafanywa na undugu, wala si lugha, na nusu ya hoja yako inahama. Akikaza tu bei bila kumwita chochote, hoja yako inapata nguvu ambayo slaidi zote 42 hazikuipa.

Kwa hiyo wiki hii usiguse slaidi. Zirudie rekodi, uwatafute wateja wa namna hiyo, hata wakiwa watatu tu. Ukimpata Mluhya aliyeitwa mwanangu, niandikie. Nina hamu ya kujua kama alipunguziwa.