Figo ni kidney, sasa hii renal imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma unesi mwaka wa pili, niko Mtwara. Kingereza cha kawaida nakiweza ila vivumishi vya kitabibu ndo vinanimaliza, figo tulifundishwa ni kidney halafu kwenye notsi nakuta renal, mapafu ni lungs nakuta pulmonary, ngozi ni skin nakuta cutaneous. Nimejaza daftari zima nakariri usiku, asubuhi yote yameyeyuka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usijione mzito, sisi tumezoea lugha isiyo na mambo hayo, ukishajua figo umemaliza, ugonjwa wa figo, mshipa wa figo, neno ni lilelile. Waingereza jina la kiungo wamebaki nalo la nyumbani ila kivumishi chake mara nyingi wakachukua Kilatini, maana wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi waliandika kwa Kilatini, hata daktari William Harvey, Mwingereza kabisa, alipoeleza mwaka 1628 jinsi moyo unavyosukuma damu ikazunguka mwilini, kitabu chake alikiandika kwa Kilatini.

Kwahiyo acha kukariri orodha, shika mzizi. Cutis ni ngozi. Ukiijua hiyo, cutaneous imeshafunguka, halafu tanguliza sub, yaani chini ya, unapata subcutaneous, ndo ile sindano ya insulini inayochomwa chini ya ngozi. Sub hiyohiyo ipeleke kwa lingua, ulimi, unapata sublingual, kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Costa ni ubavu na inter ni kati ya, basi intercostal ni misuli iliyo kati ya ubavu na ubavu. Axilla ni kwapa, na wewe kipimajoto umeshamuwekea mgonjwa kwapani mara ngapi? Hiyo ndo axillary! Yaani kazi unaifanya kila siku wodini, jina lake tu ndo ulikuwa unalisoma mbali na kazi yenyewe. Daftarini andika mzizi, chini yake sentensi ya kitu ulichofanya kwa mikono yako siku hiyo, maneno matatu manne kwa siku yanatosha kabisa.

Sio yote ni Kilatini lakini, cardiac ya moyo na hepatic ya ini asili yake Kigiriki, hizo ziwekee ukurasa wake.

Na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kuna oral na aural. Oral ni ya mdomo, aural ni ya sikio, inatokana na auris, na watu wengi wanazitamka sawasawa huwezi kuzitofautisha. Siku ukitajiwa dawa kwa maneno tu, hujaona maandishi, uliza kwa Kiswahili, hii ni ya kunywa au ya sikio? Uliza hata kama wodi imejaa na mkubwa wako ana haraka, na chupa usiiguse mpaka ujibiwe.