Figo ya Kaka, Amana ya Mola: Maswali Yenu Kuhusu Kutoa Viungo

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu, kwamba wanazuoni wengi wa zama hizi hawaoni ubaya mtu kumpa nduguye figo. Sentensi moja! Simu haijatulia tangu siku hiyo. Wapo walioniombea dua, na yupo aliyenitaka nitubu. Nimechagua maswali machache, nimeyafupisha, na majina nimeyaacha. Mimi ni msomeshaji, si mufti. Ninafikisha waliyoyasema wenye elimu, na pale ninapoegemea kauli moja nitasema wazi kuwa ni mimi ninayeegemea.

Ustadh, kaka yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Niko tayari kumpa figo na vipimo vimekubali. Baba mkubwa anasema mwili ni amana ya Mungu, mtu hagawi asichokimiliki. Nimekwama. (Kijana, Tanga)

Baba mkubwa usimjibu kwa dharau, kwa sababu hoja yake ina wenyewe. Sheikh Muhammad Mutawalli al-Sha'rawi wa Misri aliisema hivyo hivyo: mwili ni milki ya Mwenyezi Mungu, hutoi kisicho chako. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan naye alikataa. Wanaokataa wana aya ya kutukuzwa kwa wanaadamu katika Surat al-Israa, na wana hadithi ya Bi Aisha iliyomo katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Daud: kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai.

Sisi wa pwani tuliosomeshwa madhehebu ya Imam Shafi tuna jambo la kutuzuia zaidi. Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo, katika kitabu chake Minhaj anazungumzia mtu aliyezidiwa na njaa hadi anakaribia kufa, kisha anasema ni haramu mtu mwingine kujikata nyama ya mwili wake ili amlishe. Anayekwambia fiqhi yetu ya kale, yaani elimu ya sheria ya dini, imeruhusu moja kwa moja amepita juu ya mstari huo bila kuusoma.

Lakini tuusome pamoja na mingine. Nawawi huyo huyo anasema mama akifa na mtoto yu hai tumboni, tumbo la maiti lipasuliwe mtoto atoke. Hata aliyemeza johari ya mtu kisha akafa, mafakihi wetu wamesema tumbo lifunguliwe mwenye mali akiidai. Basi heshima ya maiti ni kubwa, lakini haki ya aliye hai inaweza kuitangulia. Na yule wa kujikata nyama? Wanazuoni wa leo wamejibu kwamba zama zile kujikata kulikuwa ni kujiua. Hapakuwa na dawa ya ganzi wala uzi wa kushonea ndani, na aliyelishwa hakuwa na uhakika wa kuishi. Sababu ya katazo ilikuwa madhara, na madhara yakipungua hadi kiwango cha operesheni nyingine yoyote, hukumu inatazamwa upya.

Ndivyo walivyoitazama Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia mwaka 1982, Baraza la Fiqhi la Rabita (Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu) kule Makka mwaka 1985, na Majmaa, yaani baraza, ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah mwezi Februari 1988. Wote waliruhusu, tena kwa masharti. Mtoaji awe mtu mzima mwenye akili timamu, atoe kwa hiari, asipate madhara yatakayoharibu maisha yake ya kawaida, na matumaini ya operesheni kufaulu yawe makubwa. Figo moja kati ya mbili inaingia hapo. Moyo wa mtu aliye hai haumo, wala konea (utando angavu wa mbele ya jicho) za macho yote mawili, kwa sababu huwezi kumtia mtu upofu ili mwingine aone.

Mimi naegemea kwao. Na kwa kuwa umesema vipimo vimekubali, nadhani unajua kwamba siku hizi si lazima kwenda India: Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Mchukue baba mkubwa mkamwone daktari pamoja. Huenda kinachomtisha ni kisu, na aya ndiyo aliyoipata karibu.

Nikitoa figo, Siku ya Kiyama nitafufuliwa nikiwa pungufu? (Msomaji, Ujiji)

Hapana. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mtu aliyewausia wanawe akifa wamchome, wasage mifupa, majivu wayapeperushe kwa upepo, kwa kumwogopa Mola wake. Mwenyezi Mungu akaamrisha vikakusanyika, akasimama mbele yake mtu kamili, akamuuliza kwa nini, kisha akamsamehe. Surat al-Qiyama inasema Mola anaweza kuzisawazisha hata ncha za vidole. Figo moja haitamshinda.

Tumezaliwa watano, na mimi peke yangu ndiye niliyelingana na mama. Naogopa mno. Ndugu zangu wanasema nikikataa nitakuwa nimemuua. Mume wangu naye hataki. Nitapata dhambi? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Dada yangu, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote, hata lile la kifo cha ubongo litakalofuata.

Hupati dhambi. Hakuna hata mmoja miongoni mwa walioruhusu aliyesema kutoa kiungo ni faradhi, kwa mzazi au kwa mwingine. Wema kwa wazazi ni wajibu: kumhudumia, kumpeleka kliniki, kukesha naye, kumlipia ukiweza. Kukatwa sehemu ya mwili ni ihsani, wema wa hiari, na ihsani ikishurutishwa inakoma kuwa ihsani. Na hao wanaokwambia utakuwa umemuua wamekosea kwa maneno makubwa. Anayeumwa anaumwa kwa maradhi, hajaumizwa na bintiye.

Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha ukoo, nadhani walitaka kanzu yangu iwepo tu. Kijana wa miaka ishirini na ushei aliwekwa katikati ya mkeka, shangazi huku, wajomba kule, kila mmoja na aya yake. Alikubali huku machozi yanamtoka. Mimi nilinyamaza, na hilo najutia mpaka leo. Kukubali kwa namna ile siyo ridhaa. Sharti la hiari halitimii kwa mtu kutia saini akiwa amezingirwa.

La kufanya: omba kumwona daktari peke yako, bila dada wala kaka mlangoni, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Kazi ya timu ya upandikizaji ni pamoja na kuhakikisha mtoaji hajalazimishwa, na daktari mwenye busara anaweza kuwaambia ndugu zako kwamba hukufaa kuwa mtoaji, akaishia hapo. Ndugu hawana haki ya kudai maelezo ya ndani ya faili lako.

Ama mume, katika masharti ya Majmaa ridhaa inayotajwa ni ya mtoaji mwenyewe. Mwili ni wako. Lakini ndiye atakayebeba ndoo za maji wiki zile huruhusiwi kunyanyua kitu kizito, na ndiye atakayekaa na watoto. Mshauriane. Huenda anaona hofu yako ambayo ndugu zako wameamua kutoiona. Na ukija kuamua kutoa, utoe siku ambayo hakuna aliyekuuliza.

Nina deni kubwa. Jamaa ameniambia kuna mtu analipa vizuri kwa figo moja. Nikiuza nikalipa deni si nimefanya heri mbili? (Kijana, Nairobi)

Usiuze. Hapa hata walioruhusu kutoa wamefunga mlango: mwanaadamu haingii sokoni, mzima wala vipande. Sheria ya Kenya nayo haikubali biashara hiyo. Na huyo jamaa yako anapata ngapi? Muulize, uone atakavyobabaika.

Utaambiwa kuna nchi ya Kiislamu inayolipa. Kweli, Iran ina utaratibu wa serikali unaompa mtoaji wa figo malipo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanazuoni wao wana hoja zao. Dalali wa Nairobi hana utaratibu huo wala hoja hizo. Jambo ambalo Majmaa ililiacha wazi kwa ijtihadi, yaani juhudi ya wanazuoni kulitafutia hukumu, ni la upande wa pili: mgonjwa aliyebanwa akatoa mali kwa kukosa njia nyingine, au akamtunuku mtoaji kwa heshima. Nauli, kitanda na mshahara uliokatika kazini, kumrudishia mtoaji hivyo si bei ya figo.

Deni lako lina mlango wake katika zaka. Wenye madeni wametajwa kwa jina katika Surat at-Tawba. Nenda msikitini kwako useme bila haya.

Ninaishi Leicester. Hapa sheria inamhesabu kila mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo asipokataa. Na wanasema ubongo ukifa mtu amekufa, na moyo bado unadunda! Nijiondoe? (Baba, Uingereza)

Kweli, England imekuwa na sheria hiyo tangu Mei 2020. Lakini familia bado huulizwa, na katika daftari la watoaji unaweza kukubali, kukataa, kuchagua baadhi ya viungo, au kuandika kwamba unataka imani yako izingatiwe na familia izungumzwe nayo. Kwa hiyo kunyamaza ndiyo njia mbaya kuliko zote: unawaachia mkeo na wanao waamue usiku wa manane kwenye korido ya hospitali.

Kuhusu ubongo, hapa wanazuoni wamegawanyika kweli kweli, na sitakuficha. Majmaa, kikao cha Amman, Oktoba 1986, ilisema mtu amekufa kisheria ikitokea moja kati ya mawili: moyo na pumzi vimesimama kabisa bila kurudi, au kazi zote za ubongo zimekoma kabisa, madaktari mabingwa wakathibitisha hazirudi na ubongo umeanza kuharibika. Hapo mashine inaweza kuondolewa ingawa moyo bado unasukumwa. Mwaka uliofuata, 1987, Baraza la Rabita likaja na kauli nyingine: madaktari bingwa watatu wakikubaliana, mashine iondolewe, lakini hukumu ya kifo isitolewe mpaka moyo na pumzi visimame vyenyewe baada ya kuiondoa.

Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, na kitandani ndiyo yote. Moyo, ini na mapafu hupatikana katika hali nzuri zaidi damu ikiwa bado inazunguka. Ukichukua kauli ya Amman, viungo vinaweza kutolewa wakati huo. Ukichukua ya Makka, unakuwa bado unamgusa mtu aliye hai.

Wengi huchanganya na kuzimia. Kupoteza fahamu siyo kifo cha ubongo, maana aliyezimia kwa muda mrefu anaweza kupumua mwenyewe. Wa kifo cha ubongo, mashine ikitenganishwa naye kwa muda wakati wa kipimo, kifua hakinyanyuki hata mara moja.

Binafsi moyo wangu unatulia zaidi kwa kauli ya Makka. Na hapo hapo Leicester inatekelezeka: Uingereza wana utaratibu wa pili, ambapo mashine huondolewa kwanza, moyo ukasimama, wakasubiri dakika tano, ndipo viungo vikachukuliwa. Anayekubali utoaji lakini anasita kwenye ubongo anaweza kuwaambia jamaa zake hivyo. Zungumza pia na maimamu wa huko. Mufti Mohammed Zubair Butt alitoa fatwa ndefu mwaka 2019 kwa ajili ya Waislamu wa nchi hiyo, naye ameruhusu kwa masharti.

Wajue pia kwamba mazishi yanaweza kuchelewa kwa saa nyingi, pengine siku nzima. Maiti hushonwa na kurudishwa, akaoshwa na kukafiniwa kama kawaida.

Je, niandike kwenye wasia wangu kwamba natoa macho? (Msomaji, Lamu)

Wasia wa theluthi, ile sehemu mtu anayoruhusiwa kuusia, ni wa mali, na jicho si mali, kwa hiyo kifiqhi hilo ni idhini tu. Iandike kwenye karatasi yake, na uwaambie warithi wako kwa mdomo, maana wasia mara nyingi hufunguliwa baada ya arubaini na konea inatakiwa ndani ya saa chache. Kinachotolewa mara nyingi ni konea tu, ule utando angavu wa mbele, na uso haubadiliki.

Nimewekewa vali ya moyo, nikaja kusikia imetokana na nguruwe. Sala zangu zimekwenda? (Mzee, Zanzibar)

Zimekwenda wapi, mzee wangu? Zipo. Nawawi kasema katika Minhaj, aliyeunga mfupa wake kwa mfupa najisi kwa kukosa ulio twahara ana udhuru. Na wewe hukuwa hata na habari. Usimwombe mtu akufungue kifua tena. Kwa anayekwenda kufanyiwa leo, aulize kama ipo ya ng'ombe au ya chuma, maana zipo, na daktari akisema hii ndiyo inayofaa, afuate.

Naweza kumpa asiye Mwislamu? Naye akinipa, si nitakuwa na kiungo cha kafiri kinachonisomea Qur'ani? (Kijana, Kigoma)

Umenichekesha. Figo haina dini. Aya ya Surat al-Maida kuhusu anayeiokoa nafsi moja imesema nafsi, na wanazuoni wengi walioruhusu hawakumbagua jirani anayeishi nawe kwa amani. Cha kuangalia ni kiungo chenyewe: mwaka 1990 Majmaa ilikataza kupandikiza korodani na ovari, kwa sababu hivyo huendelea kubeba mbegu za mwenyewe wa kwanza, na nasaba ikavurugika.

Nilipewa figo na dada yangu mwaka juzi. Nameza dawa asubuhi na jioni kwa saa zile zile. Ramadhani nifunge? (Mama, Dar es Salaam)

Usianze kabla ya kumwuliza daktari wa figo, tena uwahi, miezi miwili kabla. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo huwa ni kila baada ya saa kumi na mbili, na saumu yetu huku inazidi hapo. Wapo wanaobadilishiwa ratiba ya dawa wakafunga salama, na wapo wanaokatazwa moja kwa moja. Ukikatazwa na hakuna matarajio ya kuja kulipa, ni fidya, kibaba cha chakula kwa masikini kwa kila siku, kwa ile aya ya 184 ya Surat al-Baqara. Maji yako unaweza kuyanywa chumbani kama unaona haya mbele ya watoto, lakini yanywe.