Saa ya mkononi na sukari ya mama

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu anaugua kisukari na hujidunga insulini kila siku. Amechoka kujichoma vidole, ambavyo ncha zake sasa zimekuwa sugu. Mtandaoni nimeona saa ambayo muuzaji anadai inapima sukari bila tone la damu, tena ina "kibali cha kimataifa". Je, nimnunulie? Msomaji, Tanga.

JIBU: Kwa kazi hiyo, usimnunulie. Tarehe 21 Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe pasipo kutoboa ngozi, ikaonya kuwa anayeitegemea anaweza kukosea kipimo cha insulini. Insulini ikizidi, sukari huweza kushuka hadi mtu akapoteza fahamu.

Taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa huangaza ngozi, na kihisi husoma mwanga unaorudi, ambao hubadilika kadiri damu inavyojaa na kupungua katika mishipa midogo kwa kila pigo la moyo. Ndiyo maana saa nyingi huhesabu mapigo vizuri mvaaji akiwa ametulia. Sukari haijitokezi waziwazi namna hiyo. Watafiti wameitafuta kwa mwanga wa infraredi kwa miongo kadhaa, lakini ishara yake ni hafifu mno, na humezwa na maji ya mwilini, jasho, joto la ngozi, hata mkanda uliolegea.

Msichanganye saa hizo na kibandiko cha kupimia sukari kinachovaliwa mkononi au tumboni. Hicho kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, wenye kimeng'enya kinachomenyuka na sukari iliyo katika majimaji baina ya seli na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme, ambao hugeuzwa kuwa namba. Namba hizo huchelewa kidogo nyuma ya damu, hasa sukari inaposhuka kwa kasi, lakini vipo vilivyoidhinishwa, na saa inaweza kuzionyesha bila tatizo. Kikwazo ni bei, kwani vingi hudumu wiki mbili hivi tu.

Ama "kibali cha kimataifa", hakuna kitu kama hicho. Kila nchi ina msimamizi wake: Tanzania ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Tena kibali hutolewa kwa matumizi maalumu. Mwaka 2018 FDA iliruhusu saa ya Apple kurekodi umeme wa moyo ili kubaini aina moja ya mapigo yasiyo na mpangilio, na ruhusa hiyo haigusi sukari hata kidogo. Muulize muuzaji saa yake imesajiliwa na nani, na kwa kupima nini. Akikutajia mapigo ya moyo, umeshapata jibu.

Kuhusu vidole, mama achome pembeni mwa ncha badala ya katikati, abadilishe kidole kila mara, na atumie kisindano kipya, kwa kuwa kilichotumika huwa butu na huumiza zaidi. Kama bado anateseka, mwulizeni daktari wake kuhusu kibandiko.