Anza na upepeo, uso baadaye

Wengi mnaoanza kazi ya kuorodhesha picha za studio za London za miaka ya 1880 na 1890 huingia na pupa ya kumjua mwenye uso. Nami nilikuwa hivyo. Wiki yangu ya kwanza nilikuta mabibi wawili, kila mmoja kwenye kadi yake, yaani picha iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu, wameshika upepeo unaofanana wa manyoya ya mbuni. Nikaandika kwa mwandiko wa kujiamini: huenda ni ndugu. Siku ya tatu akatokea bibi mwingine na upepeo ule ule. Nikachukua kioo cha kukuza. Ubavu wa nje, kile kijiti kipana cha pembeni, ulikuwa umemegeka kipande cha ukubwa wa ukucha, na kijiti cha nne kutoka kulia kimefungwa uzi. Kumbe ni mali ya studio, kama kile kiti na zile nguzo za kuchora nyuma yake. Undugu nikaufuta siku hiyo hiyo.

Rangi ndiyo itakayowaponza zaidi. Mabamba ya kioo ya kupigia picha, yale ya kawaida ya enzi hizo, yalishika mwanga wa buluu na zambarau. Nyekundu hayakuiona kabisa. Kwa hiyo upepeo wa buluu mpauko hutoka karibu mweupe, na mwekundu hutoka mweusi tii. Juu ya hapo, manyoya yenyewe yalitiwa rangi. Mbuni dume ndiye mwenye manyoya meupe mbawani, jike yake ni ya kijivujivu, na yote yalikatwa kwa wingi huko Oudtshoorn, kwenye mashamba ya koloni la Cape, Afrika Kusini ya leo, ndege akabaki hai. Msiandike "upepeo mweusi". Andikeni "unaonekana mweusi".

Mbavu na vijiti nazo zina mtego wake. Mimi ni mtu wa pwani, na Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu karne ile, basi kila ubavu mweupe nikauita pembe. Msimamizi wangu akauliza, "Umeionea wapi?" Sikuwa na jibu. Mfupa, pembe na gamba la chaza hutoka weupe ule ule pichani. Gamba la ng'amba ndilo mara nyingine hujisema lenyewe, kwa madoa yake.

Manyoya ya kichwani ni habari nyingine, msiyachanganye na ya mkononi. Waliokwenda kutambulishwa mbele ya Malkia Victoria walivaa shela, mkia mrefu wa gauni, na manyoya meupe: matatu kwa aliyeolewa, mawili kwa msichana. Ukihesabu vizuri unaweza kujua kama kadi iliyoandikwa "Miss" nyuma yake imekosewa.

Tarehe nayo ina hila. Chukueni dansi ya mavazi ya kihistoria iliyofanyika Devonshire House, jumba la kifahari la London, tarehe 2 Julai 1897. Studio ya Lafayette, iliyoanzia Dublin mwaka 1880, iliweka hema bustanini usiku ule kupiga picha wageni. Lakini baadhi yao walivaa tena mavazi yale siku nyingine wakaenda kupigwa studio, New Bond Street. Kwa hiyo vazi la dansi peke yake halitoshi kuandika tarehe ya dansi.

Nyuso ndizo ninazoziamini kidogo kuliko vyote. Mrekebishaji wa picha aliketi na bamba mbele ya dirisha, akajaza mikunjo ya uso kwa penseli iliyochongwa kama sindano, kisha akakwangua kiuno kwa kisu pale nyuma palipokuwa peusi, na bibi akatoka na kiuno cha nyigu. Mkipinda kadi kidogo kuelekea taa, mtaona shavu laini kama yai, halina hata kitundu kimoja cha ngozi. Manyoya mara nyingi nimeyakuta hayakuguswa, maana nani ana saa za kuchora nyuzi zote zile? Kwenye ile kadi ya tatu, vijiti vimetulia kabisa lakini ncha za manyoya zilizo karibu na kifua zimefifia, kama zimepulizwa. Amekazwa kiuno, ameambiwa asitikisike, na bado alikuwa akipumua.