Ukitaka kusoma uhakiki wa ubepari na wenzako mtandaoni, anzeni na neno "mtaji"

Kikundi chetu cha kusoma kilianza na watu 41. Wiki ya sita tulikuwa tisa. Sasa tuko katika mwaka wa nne, tumefika 23, na hao 23 wanasoma kweli. Ndiyo maana nathubutu kuwajibu ninyi mnaonitumia ujumbe mkiuliza namna ya kuanzisha kikundi kama hiki.

Nafundisha utunzaji wa hesabu katika sekondari moja hapa Morogoro. Mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo tulifungua kundi la WhatsApp tukitaka kusoma juzuu ya kwanza ya Das Kapital, yaani Mtaji, ya Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeuhakiki ubepari, kitabu kilichotoka mwaka 1867. Tukatuma faili la Kiingereza lenye mamia ya kurasa, tukapanga: wiki hii sura ya kwanza, Jumapili saa tatu usiku tunajadili. Jumapili ilipofika walizungumza watu wanne, na wawili kati yao ni sisi wenyewe. Wengine walisikiliza kimya, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuaga.

Moyoni niliwalaumu kwa uvivu, na nilikosea. Dada mmoja aliyejitoa nilimpigia simu. Akaniambia, "Mwalimu, zile kurasa kumi nimezisoma mara tatu. Maneno nayajua, lakini nikizima simu sina hata kitu kimoja cha kumsimulia mtu." Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa. Tulikuwa tunasoma kwa Kiingereza, tunajadili kwa Kiswahili kilichochanganywa, na kila tulipofika penye ugumu tulilitaja jambo kwa jina lake la kigeni tukapita. Lile jina lilikuwa daraja la kuvukia tusipopaelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja: someni aya chache, mzitafsiri pamoja kwa Kiswahili cha nyumbani, na msisogee mpaka mtu ambaye hakusoma chuo aieleze aya ile kwa mfano wa maisha yake. Sisi huwa tunamaliza kurasa nne au tano kwa wiki. Kuna wiki tumemaliza moja.

Na msianze na sura ya kwanza. Ile sura ya bidhaa na thamani ni mlima, na Marx mwenyewe alilijua hilo. Novemba 1867, akimwandikia rafiki yake daktari Kugelmann, alisema mke wa daktari huyo angeona wepesi zaidi akianza na sura za siku ya kazi, za ushirikiano, mgawanyo wa kazi na mashine, na ile ya ulimbikizaji wa mwanzo wa mtaji. Tulipoanza upya tulianza na siku ya kazi, yaani sura ya 10. Angalieni matoleo yenu hapo: toleo la Kiingereza lina sura 33 na la Kijerumani lina 25, hivyo namba hazilingani. Tuna mwenzetu anayeishi Ujerumani ambaye alisoma sura nyingine kabisa wiki mbili nzima, tukadhani hatuelewani.

Sura hiyo inasimulia jinsi wafanyakazi wa Uingereza walivyopigania kikomo cha saa, mpaka sheria ya mwaka 1847 ikaweka kikomo cha saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana katika viwanda vya nguo. Mmoja wetu anafanya kazi za ndani Muscat. Yeye husikiliza sauti zetu usiku wa manane, wenye nyumba wakishalala, na hutujibu kwa kunong'ona. Tuliposoma habari ya kengele ya kiwanda, akauliza, "Mimi kengele yangu iko wapi? Nalala nyumba ileile ninayofanyia kazi. Mtoto akilia saa nane usiku, hiyo ni siku ya leo au ya kesho?" Hakuna aliyemjibu vizuri. Marx anaandika hasa juu ya kiwanda, na swali lile lilitupeleka kwa wanawake waliolidaka jambo hilo baadaye: kampeni ya kudai ujira kwa kazi za nyumbani iliyoanza mwaka 1972, na maandishi ya Silvia Federici, mwandishi wa kifeministi mzaliwa wa Italia, ambaye miaka ya 1980 alifundisha Port Harcourt nchini Nigeria. Tulimsoma Federici wiki saba, na dada wa Muscat ndiye aliyekuwa anachagua kurasa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mtaji nimelifundisha darasani miaka mingi: mali ni sawa na mtaji kujumlisha madeni. Mtaani mtaji ni fedha ya kuanzia. Husikii mtu akisema "sina mtaji", "nimekula mtaji"? Na kuna ule msemo tunaousoma kwenye kanga na nyuma ya daladala: mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Tulipofika sura ya nne mpaka ya sita, niliuandika msemo huo kwenye kundi nikauliza kama Marx angeukubali. Mjadala uliofuata ulichukua Jumapili tatu, na mpaka leo ndio ninaoukumbuka kuliko yote.

Alianza mwenzetu anayeuza chakula karibu na stendi ya Msamvu. "Asubuhi natoa elfu sitini. Nanunua mchele, maharage, mkaa. Jioni narudi na elfu themanini. Ile ishirini ni kodi, daftari za watoto, na sisi wenyewe kula. Kesho natoa sitini ileile. Mwaka wa saba huu, ni sitini ileile." Marx anatofautisha mizunguko miwili. Kuna anayeuza ili anunue, na mwisho wa safari yake ni kitu cha kutumia: chakula, nguo, dawa. Kuna anayenunua ili auze, na mwisho wa safari yake ni fedha nyingi kuliko ile ya mwanzo, ambayo inarudishwa tena barabarani, na safari haina kituo. Fedha inakuwa mtaji katika mwendo huo wa pili. Nusu ya kikundi ilisema basi elfu sitini ya mama huyu siyo mtaji, maana haiongezeki na shabaha yake ni kulisha watu. Yeye mwenyewe alikataa. Alisema, "Nikiila nimekwisha. Mimi naitumikia hiyo sitini. Haiko chini yangu." Nilimsikia akisema kwa sentensi mbili jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka wiki nzima.

Kisha akaja kijana wa bodaboda. Pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka hesabu ya elfu kumi kwa mwenye chombo, abiria wawepo wasiwepo. Akasema, "Huo msemo mimi unanisumbua. Nguvu ninazo tangu nina miaka kumi na sita. Zingekuwa mtaji ningekuwa tajiri. Bila pikipiki nguvu zangu zinakaa kijiweni." Tukafungua sura ya sita tukasoma aya ambayo Marx anasema mfanyakazi yuko huru kwa namna mbili: yuko huru kuiuza nguvu kazi yake kama bidhaa yake, na yuko huru pia kwa maana kwamba ameachiwa mikono mitupu, hana chombo wala kingine cha kuuza. Yule kijana akatuma sauti ya sekunde kumi hivi: "Uhuru wa kijiweni." Tangu siku hiyo ndiyo tafsiri yetu ya mahali pale.

Nguvu za maskini, basi, zinageuka mtaji zikishaingia mikononi mwa mwingine. Msemo wa kanga unamtia mtu moyo, na sina ugomvi nao asubuhi mtu anapotoka kutafuta riziki. Lakini unamwita asiye na kitu kuwa mwenye mtaji, na akishindwa atajilaumu kwamba hakuutumia vizuri. Nilirudi darasani Jumatatu nikatazama ubaoni: mishahara iko kwenye orodha ya matumizi, pamoja na umeme na kodi ya pango. Miaka yote nimewafundisha watoto kuandika hivyo, na mtihani unataka hivyo, lakini sasa nikiandika mstari ule natulia kidogo.

Hesabu ya bodaboda ilitupa kazi kubwa zaidi. Wengine walisema ni kama ujira wa kipande anaoueleza Marx katika sura ya 21, ambapo mtu analipwa kwa alichotoa, hivyo anajisukuma mwenyewe na msimamizi hahitajiki. Kijana akakataa: yeye halipwi, yeye ndiye anayelipa. Ni kodi ya chombo. Ila alikiri kwamba matokeo ni yaleyale, saa kumi na nne barabarani na hakuna aliyemlazimisha kwa fimbo. Nakubaliana naye. Tukitaka neno la Marx lienee kila mahali tunaliua.

Na hapo pana hatari ya njia hii ninayowashauri. Neno la nyumbani linafungua mlango, na linaweza pia kukuingiza chumba kisicho chenyewe. Katika sura ya 10 Marx anasema mtaji ni kazi iliyokufa, yaani iliyokwisha kufanywa, ambayo huishi kwa kufyonza kazi iliyo hai, kama mnyonya damu. Kina mama waliruka: "Kausha damu!" Ile mikopo ya riba ya wiki ambayo ukichelewa wanabeba sofa na jiko. Furaha ilikuwa kubwa, nami nilifurahi nao. Lakini mkopeshaji wa kausha damu anakuumiza kwa riba na kwa vitisho, na ukimwondoa yeye unadhani dhuluma imeondoka. Marx anazungumzia damu inayotoka kwa utaratibu, mshahara ukiwa umelipwa kwa wakati na mkataba umesainiwa, kwa sababu saa za kazi zinazidi zile zinazotosha kurudisha thamani ya huo mshahara. Ilitubidi tuachane na kausha damu kwa muda ili tulione hilo. Leteni neno lenu, lipimeni mbele ya maandishi, na mahali lisipotosha semeni kwa sauti kwamba halitoshi.

Bepari ni neno jingine la namna hiyo. Limetoka Kigujarati, maana yake mfanyabiashara. Ndiyo maana Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare aliiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Sisi tuliokulia masalia ya enzi za Ujamaa tunamwona bepari kama mtu: ana kitambi, ana mirija, ni kupe. Katika dibaji ya 1867 Marx anaonya kwamba mwenye mtaji anamshughulikia kama kiwakilishi cha mahusiano ya kiuchumi, na hamhesabu mtu mmojammoja kuwa ndiye aliyeyaumba. Mwenye pikipiki wa yule kijana ni mwalimu mstaafu anayemlipia mjukuu ada. Ukimchukia yeye hujaelewa bado.

Wanaotaka kuingia kwa mlango wa Frankfurt, yaani kwa wanafalsafa wa Kijerumani Horkheimer na wenzake, waliokosoa utamaduni wa redio na sinema na kutuachia jina la nadharia ya uhakiki mwaka 1937, nawaambia watangulize hiki. Ukianza kwao bila kujua bidhaa ni nini utabaki na lawama juu ya redio na sinema.

Mambo ya uendeshaji nitayapitisha haraka. Msitume faili kubwa. Pigeni picha kurasa za wiki, watu wa bando dogo watawashukuru. Marx alifurahi Wafaransa walipokitoa kitabu chake kwa mafungu madogo kati ya 1872 na 1875, kwa kuwa hivyo kingemfikia mfanyakazi. Sauti isizidi dakika mbili. Anayeongoza abadilike kila wiki, na aliyesoma sana azungumze wa tatu au wa nne. Kampeni za vyama zibaki nje, hata za chama unachokipenda. Watakuja watu wa "fursa" wakitaka kuwauzia wenzako biashara ya kuunganisha watu. Waondoe siku hiyohiyo. Sisi tulichelewa wiki moja na wenzetu wawili wakapoteza akiba zao.

Na mtu akiwaambia kwamba haya ni mambo ya kigeni, mwambieni kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na madarasa yao ya itikadi kila Jumapili mwishoni mwa miaka ya 1960, wakiwa na mwanahistoria Walter Rodney, na wakatoa jarida lao, Cheche. Jarida na umoja wao vilipigwa marufuku mwaka 1970. Jumapili tuliirithi kwao, ingawa tulijua hivyo baadaye.

Wiki hii tunaanza sura ya 26, jinsi watu walivyotenganishwa na ardhi mpaka wakabaki na mikono. Zamu ya kuongoza ni ya yule kijana wa bodaboda. Babu yake alikuwa manamba, alichukuliwa kutoka kusini kwenda kukata mkonge Tanga, na kazi zake zilihesabiwa kwenye kadi iliyoitwa kipande: siku 30 zikijaa, ndipo alipwe. Kadi moja imebaki ndani ya sanduku la bibi yake, haijajaa. Ameahidi kuipiga picha na kuituma kabla ya saa tatu.