Eksirei imetoka safi, siti skani ya nini tena?

Assalamu alaikum. Kijana wangu ni dereva wa Probox. Juzi alilivaa lori la chumvi huku Gongoni, usukani ukamgonga kifuani. Eksirei yaonyesha mbavu zote nzima, na sasa ameketi kitandani aomba chai. Daktari ataka apelekwe Mombasa kwa siti skani ya kifua, ile ya kutiwa dawa. Shemeji yangu asema twaliwa pesa tu. Ni kweli?
Mama wa Shela, Malindi

Waalaikumu ssalamu, mamangu. Mwambie shemejiyo hapa daktari hajala cha mtu.

Nimepiga eksirei zaidi ya miaka ishirini, na kifua kilichogongwa na usukani sikiamini hadi leo. Mbavu si hoja. Kinachotiwa shaka ni aota, mshipa mkuu utokao moyoni, mnene kupita kidole gumba. Gari likikwama ghafla kifua husimama, lakini moyo na upinde wa mshipa bado waenda mbele. Pale uliposhikizwa, baada tu ya tawi la mkono wa kushoto, ndipo huchanika. Ukuta wake una tabaka tatu: ya ndani ikipasuka na ya nje ikashikilia damu, mtu huketi akaomba chai kama mwanao. Hiyo ya nje ikiachia, hapana muda wa kuita gari.

Eksirei hutupa fununu. Kivuli cha katikati ya kifua upana wake ukipita sentimita 8 twashtuka, na bomba la pumzi likisukumwa kulia twashtuka zaidi. Ila mgonjwa akipigwa amelala chali, kivuli hutanuka bure. Na mwingine mshipa umechanika, picha yake safi kama ya mtu aliyekwenda kupimwa kazi.

Siti skani humaliza ubishi. Dawa yenye ayodini hutiwa mkononi, na picha huchukuliwa kwa sekunde chache ikipita kwenye aota. Zamani ilibidi mpira mwembamba upenyezwe kutoka kinenani hadi kwenye aota ndipo dawa itiwe! Mwambie kijana mapema kwamba atahisi joto hadi adhani amejikojolea. Wengi hushtuka wakatikisika, picha ikaharibika. Na mseme kama ana ugonjwa wa figo, au aliwahi kudhurika na dawa hiyo.

Kumpeleka Mombasa kwa matatu, hapana. Aende na ambulansi, alazwe, muuguzi aichunge presha isipande njiani. Filamu ya ile eksirei ya kwanza mwende nayo, msiikunje.