Koili inayokufa injini ikipata moto

Swali: Gari langu la zamani, lenye distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme), huwaka vizuri asubuhi, lakini likitembea nusu saa injini hukatakata, huzima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Plagi ni mpya. Je, koili imeharibika?

Jibu: Dalili hiyo inaielekea sana koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi itoe cheche, kwa kuwa joto hutanua nyaya zake nyembamba, na pale kihami (ganda linalozuia umeme kuvuja) kilipochakaa umeme huvuja kabla ya kuifikia plagi. Wengi hukosea kwa kuipima ikiwa baridi, wakati inaonekana nzima kabisa; wewe ipime mara tu injini inapozima. Zima swichi, chomoa nyaya zake, kisha pima kwa multimita ukinzani, yaani jinsi nyaya zinavyouzuia umeme: kati ya vichwa viwili vidogo koili nyingi za volti 12 husoma takribani omu 3, au 1.5 kwa zile zenye rezista ya nje, na kati ya kichwa kidogo na tundu la katikati husoma omu maelfu kadhaa. Isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Hata hivyo, kabla ya kununua koili, nakusihi ubadilishe kwanza kondensa ya distribyuta, kidude kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, kwani ikichoka huleta dalili zilezile.